Nilivyowanyima Majirani Zangu Matuta

Nilisimama kwenye mkutano wa kitongoji chetu hapa Karatu nikawashawishi majirani zangu waache kuomba matuta ya barabarani. Nilifaulu. Ombi lao lilibadilishwa mbele ya macho yangu, likapelekwa limepungua nguvu, na barabara yetu ikabaki kama ilivyokuwa. Sikutumwa na mtu. Sikulipwa. Nilisema kwa hiari yangu, na siku ile nilirudi nyumbani nikiamini nimewasaidia.

Mimi ni dereva wa watalii. Naandika haya kwa ajili ya madereva wenzangu kwanza, kwa sababu kila kitongoji cha Karatu kina dereva, na mkutano ukifika kwenye ajenda ya barabara watu humgeukia yeye. Kesho watakugeukia wewe.

Asiyeijua Karatu aelewe kwanza jinsi mji huu ulivyokaa. Lami inayotoka Makuyuni, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, ikapita Rhotia na kuingia mjini, kisha hadi Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Ile ni barabara ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Pembeni yake zinachepuka barabara za vumbi jekundu zinazoshuka kwenye makazi, shule, makanisa, mashamba ya ngano na mahindi. Hizo zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Zilikuwa njia za watu na mifugo. Kisha loji na kambi zikajengwa mwishoni mwake, kwa sababu huko ndiko kwenye utulivu na mandhari, na magari yetu yakaanza kupita mlangoni kwa watu waliokuwepo kabla ya loji. Barabara ya mtaa wetu ni moja ya hizo.

Jambo lingine ambalo mtu wa nje halijui ni saa. Mwendo wa magari ya watalii Karatu unaamuliwa na geti. Geti la Ngorongoro hufunguliwa saa 12 asubuhi, na dereva mwenye wageni wanaotaka kushuka kreta mapema anataka awe amepanga foleni kabla ya hapo. Jioni, saa 12, mnatakiwa muwe mmetoka. Halafu kuna kibali cha saa 24: ukiingia saa nne asubuhi leo, kesho saa nne asubuhi uwe umetoka, la sivyo unalipia siku nyingine, na hela ya siku nyingine kwa gari lililojaa wageni wa kigeni si ndogo. Kampuni itakuuliza. Kwa hiyo dereva anaishi na hesabu hiyo kichwani tangu anapoamka. Akichelewa loji kwa sababu mgeni mmoja alisahau kamera chumbani, au maboksi ya chakula cha mchana hayakuwa tayari, zile dakika zilizopotea atazitafuta barabarani. Na barabara ya kwanza anayoikuta ni ile ya vumbi, inayopita kwenye nyumba zetu.

Saa hiyohiyo ndiyo watoto wanatoka kwenda shule. Kuanzia Juni hadi Agosti Karatu ina ukungu mzito na baridi kali asubuhi. Jua halijachomoza, mtoto amejifunika kitenge kichwani hasikii vizuri, na hakuna njia ya miguu. Upande mmoja kuna mtaro uliochimbika kwa mvua, upande mwingine kuna ua wa michongoma. Anatembea barabarani kwa sababu hakuna pengine pa kutembea.

Haya yote nilikuwa nayajua. Sikuambiwa na mtu baadaye. Niliyajua siku ya mkutano, na bado nilisema niliyosema.

Aliyeleta hoja ile alikuwa mama mmoja mzee, jirani yetu, anayeuza mboga: mnafu, figiri na sukuma anazovuna nyuma ya nyumba yake. Kila asubuhi alivuka barabara ile na beseni kichwani kwenda kupanga biashara yake ng'ambo, na tarehe 7, siku ya mnada mkubwa wa Karatu, alibeba zaidi. Alisimama akasema magari yanakimbia mno, kuna siku yataua, tuombe matuta. Alisema kwa maneno machache, akakaa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye maoni, akaniangalia. Akasema, "Tumsikilize dereva wetu, yeye ndiye anayezijua barabara."

Nikasimama. Nilisema tuta la udongo kwenye barabara ya vumbi halimalizi masika moja, maji yataling'oa na kuacha shimo. Nilisema tuta linachelewesha mgonjwa anayekimbizwa hospitali, na kwa mama mwenye uchungu mtikisiko ule ni mateso. Nilisema bodaboda hawatapita juu ya tuta, watapita pembeni, palepale wanapotembea watoto. Nilisema springi na shokapu zinakufa, na gharama hiyo mwishowe inamrudia mwananchi kwenye nauli. Nikamalizia na lile lililowaingia zaidi: kwamba kampuni za utalii zikiona barabara yetu ina matuta, zitapitisha magari njia nyingine, na vijana wanaoosha magari, mama lishe na wenye maduka watakosa riziki.

Hoja nne za kwanza zilikuwa za kweli. Ile ya tano sikuwa na ushahidi wake wowote. Niliitunga nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona uso wa mama yule bado haujaridhika, na nilitaka kushinda.

Na hata zile nne za kweli nilizitumia vibaya. Mtu anayejua kwamba tuta la udongo litasombwa na mvua anapaswa kusema: basi tuombe lijengwe kwa mawe na zege, na mtaro urekebishwe kwanza. Mtu anayejua bodaboda watapita pembeni aseme: tuta lifike hadi ukingo wa mtaro. Nilikuwa na ujuzi wa kuwasaidia kuomba kitu kinachofanya kazi, nikautumia kuwazuia wasiombe kabisa. Hilo ndilo kosa langu.

Mama alijaribu kunijibu. Akasema, "Lakini mwanangu, wanakimbia." Nikamwambia, "Mama, wale wanaenda hamsini tu. Hamsini si mwendo." Watu wakatulia. Katika muhtasari, neno matuta likafutwa, ikaandikwa kwamba wananchi wanaomba kibao cha kupunguza mwendo. Kibao kilikuja kikasimikwa, magari yakaendelea kupita kama kawaida, langu likiwemo.

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana, na jibu la kwanza si zuri: nilikuwa natetea asubuhi zangu. Matuta matatu kati ya loji na lami ni dakika kadhaa, na dakika hizo zingekuwa zangu. Lakini lipo jibu la pili linalonisumbua zaidi, kwa sababu naliona kwa wenzangu wengi. Nilidhani hatari inakaa mahali pengine.

Sisi watu wa Karatu tuna sababu ya kudhani hivyo. Tarehe 6 Mei 2017, asubuhi ya mvua, basi dogo la wanafunzi waliotoka Arusha kuja kufanya mtihani wa ujirani mwema hapa kwetu lilitumbukia korongoni kwenye mteremko wa mto Marera, Rhotia. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watatu walinusurika. Hakuna mtu mzima wa wilaya hii asiyekumbuka alikuwa wapi siku ile. Tangu hapo, kwangu, neno ajali lilikuwa na sura ya mteremko, korongo, lami iliyolowa. Nikipita Marera naweka gia nzito na mikono miwili kwenye usukani, na nikifika mtaani kwetu, ambako hakuna mteremko wala korongo, nalegea. Nilikuwa nimeipangia hatari makazi yake, na mtaa wetu haukuwemo.

Siku mama yule wa mboga alipogongwa na gari mtaani kwetu, nilikuwa ndani ya kreta na wageni. Simu haikushika hadi tulipopanda juu. Nilipofika nyumbani jioni alikuwa ameshapelekwa hospitali akiwa hai. Gari lililomgonga, Landcruiser ya watalii kama yangu, lilikuwa bado pembeni, askari wa usalama barabarani wakiwa wamemaliza kupima. Dereva wake ni kijana ninayemfahamu, si mlevi, si mzembe wa kujulikana. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka, mikono inamtetemeka. Aliponiona alisimama akasema, "Shikamoo kaka. Kaka, nilikuwa hamsini tu. Mungu ni shahidi, nilikuwa hamsini."

Nilimwamini, na bado namwamini. Sheria yetu ya usalama barabarani inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kijana hakuwa amezidisha kikomo hicho. Alikuwa amefanya kile nilichosema mkutanoni kwamba ni sawa.

Nikaenda mpaka kwenye kona ya ua wa michongoma, mahali kijana alipomwona mama kwa mara ya kwanza, nikaanza kuhesabu hatua kuelekea pale alipomgonga. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Nadhani nilikuwa natafuta kumtetea. Nilipofika palikuwa na kama mita 25. Nikasimama nikapiga hesabu ambayo dereva yeyote aliyesoma udereva vizuri anaijua na huwa haipigi. Gari la kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye macho na akili: unaona mtu, unaelewa ni mtu, mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijapungua chochote. Zimebaki 11, kwenye vumbi lililolegea ambapo tairi zinateleza. Kusimama kabisa kwenye barabara kama ile kunataka mita 20 na zaidi baada ya breki kushika. Kwa hiyo alipomfikia, pamoja na kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, gari lilikuwa bado na kasi kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kukimbia.

Nikarudi kwenye kona nikaanza upya na kilomita 30. Mita nane na kitu za sekunde ya kwanza, mita kama nane nyingine za breki. Jumla 16, labda 17. Nikasimama hapo. Kati ya mahali niliposimama na mahali mama alipogongwa palikuwa na nafasi ya kutosha gari zima kuegesha.

Yule kijana angesimama, akapiga honi, mama akashtuka, akamsema vibaya, na kila mtu akaendelea na safari yake. Kilichohitajika ni kitu cha kulilazimisha gari liwe kwenye 30 linapofika kwenye kona. Kibao hakilazimishi. Tuta linalazimisha. Na tuta halikuwepo kwa sababu nilisimama mkutanoni nikasema hamsini si mwendo.

Gharama ni hii. Mama alivunjika paja na nyonga. Alilazwa muda mrefu, sasa anatembea kwa magongo na habebi tena beseni kichwani. Bustani yake inalimwa na mtu mwingine kwa nusu ya mavuno. Mjukuu wake aliyekuwa darasa la sita alikaa nyumbani karibu muhula mzima kumhudumia, na mwalimu wake aliniambia hajafikia wenzake. Mwenye gari alilipa matibabu. Mimi sikulipa chochote na hakuna aliyenidai. Katika karatasi zote za tukio lile jina langu halipo.

Nilikwenda kumwona akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimwamkia, akaitika, akaniambia niketi. Nikamweleza yote, pamoja na lile la kutunga kuhusu kampuni kuhamisha magari. Hakulia wala hakunikaripia. Akasema, "Siku ile nilijua nimeona sawa. Lakini uliposimama nikasema huyu amesoma, huyu ndiye mwenye kujua, labda mimi ndiye sielewi." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa kaandike barua upya."

Maneno yale yalinichoma kuliko kama angenitukana. Sikuwa nimemshinda kwa hoja. Nilikuwa nimemfanya asiamini macho yake mwenyewe.

Baada ya siku hiyo nilianza kuona vitu nilivyokuwa nikiviona kila wiki. Serengeti mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa. Ukiendesha zaidi unajua askari wa hifadhi watakusimamisha na kampuni itapata taarifa, kwa hiyo tunatii. Mikumi, ambako barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa inakatiza hifadhini kwa karibu kilomita 50, kuna matuta, kuna vibao, na anayegonga mnyama analipishwa. Nimepita pale mara nyingi na sijawahi kulalamika kuhusu springi. Wanyama wale wanastahili ulinzi huo, na natamani uongezwe. Lakini nilikuwa nimekubali kupunguza mwendo kwa ajili ya swala, na nimekataa kupunguza kwa ajili ya jirani aliyenisalimia kila asubuhi kwa miaka.

Nikasoma pia. Nchini Ghana, kwenye njia panda ya Suhum katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, waliweka yale matuta madogo ya mfululizo yanayolitetemesha gari, ambayo sisi tunayaita rasta. Ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa takriban asilimia 55. Hapa kwetu, Dar es Salaam, shirika la Amend liliendesha mradi wa kurekebisha barabara zinazozunguka shule za msingi: matuta, vivuko, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, vibao. Kazi ile ilipata tuzo kubwa ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Mwaka uliofuata nchi nyingi zilikutana Stockholm zikatamka kwamba pale watu na magari wanapochanganyika mwendo usizidi kilomita 30. Mama wa mboga hakuwa amesoma hata moja ya haya. Alifikia uamuzi uleule kwa kuvuka barabara.

Kabla barua ya pili haijaandikwa kuna jambo lilitaka kuharibika, nalo nalitaja kwa sababu linatokea kila mahali. Vijana walikuwa na hasira. Usiku mmoja walitaka wachimbe na kumwaga mawe na magogo barabarani, wajenge tuta lao. Niliwaelewa, ni mimi niliyewafikisha hapo. Lakini tuta la kienyeji, jembamba na refu kwenda juu, lisilo na kibao wala rangi, linamngoja bodaboda wa kwanza atakayepita gizani na abiria nyuma. Angekuwa mtoto wa mtu wa mtaani kwetu. Na kuweka kizuizi barabarani bila idhini ya wakala mwenye barabara ni kosa. Mwenyekiti aliwazuia, nami nikakaa nao mpaka wakatawanyika. Niliwaahidi kwamba safari hii ombi litaandikwa sawasawa, na ahadi ile ndiyo ninayoitumikia mpaka leo.

Barua ya kwanza, hata kabla sijaiharibu, ilikuwa na sentensi moja: tunaomba matuta. Ya pili tuliiandaa tofauti. Vijana walikaa kwenye kona alfajiri na jioni wakaandika magari yanayopita na saa yanapopita. Mwalimu mkuu alitupa idadi ya wanafunzi wanaotumia barabara ile. Tulichora ramani kwa mkono: ua wa michongoma, kona, duka, mahali mtaro ulipobomoka, mahali mama alipogongwa. Hatukumwamrisha mhandisi wa TARURA, tulieleza tatizo, tukataja tunachopendekeza, tukaomba aje aone. Tulipendekeza matuta mapana, ya sentimita kama 10 kwenda juu na karibu mita nne kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo gari linapita bila kugonga chini likiwa kwenye mwendo wa 30, yajengwe kwa mawe na zege ili masika yasiyang'oe. Tuliomba yawe zaidi ya moja, kwa sababu tuta moja pekee linamfanya dereva akimbize zaidi akishalivuka. Tuliomba mtaro utengenezwe kwanza na njia ya miguu ichongwe ng'ambo ya mtaro. Hofu ya wagonjwa, ambayo niliitumia kama silaha, tuliiandika pia, kwa sababu ni ya kweli na mhandisi anapaswa kuipima.

Kuna aliyeuliza fedha zitatoka wapi. Zinatoka pale pale ninapojaza dizeli. Kila lita inachangia Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Magari ya watalii yanakunywa dizeli nyingi. Sisi wenye magari tunazilipia barabara hizi kila siku, na wanaotembea kwa miguu ndio wanaozivuka.

Mkutano wa pili niliomba nafasi ya kuzungumza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilisema mara ya kwanza niliwapotosha, nikataja ni katika lipi. Nilisema hakuna kampuni iliyoniambia itahamisha magari. Mzee mmoja akauliza, "Sasa tukuamini leo kwa nini?" Nilimjibu asiniamini mimi, aende kwenye ile kona akahesabu hatua. Walikwenda wengi. Baadhi yao ni madereva, na wawili kati yao mkutano wa kwanza walinipigia makofi.

Ombi limepitishwa na kitongoji, diwani amelibeba, limepokelewa likagongwa mhuri. Matuta hayajajengwa bado. Wakati tunasubiri, madereva wa mtaani kwetu tumekubaliana kupita hapo kwa 30, na wanaochelewa loji wanaondoka mapema zaidi badala ya kukimbiza. Si wote wanatii.

Wewe dereva unayesoma, ukiitwa kwenye mkutano wa mtaa wenu nenda. Wakikuuliza kuhusu matuta, waambie yanavyopaswa kujengwa, kisha weka saini yako. Na kama una wageni wa alfajiri ndani ya Karatu wiki hii, ukiacha lami shuka hadi 30 na ukae hapo mpaka getini kwa loji. Geti la Loduare litakusubiri.